Jaji Mwalusanya na Deni la Wanafasihi

Maneno hakimu, hukumu, mahakama na hekima ni ndugu wa tumbo moja. Yote yametokana na mzizi mmoja wa Kiarabu, na Waswahili wameyalea pamoja kwa karne nyingi hivi kwamba hata mtu asiyejua Kiarabu huhisi kuwa anayehukumu hana budi kuwa na hekima. Neno jaji halikujaliwa bahati hiyo. Lilikuja na Mwingereza, likavishwa irabu ya mwisho ili lipate kutamkika, na mpaka sasa halina ukoo katika lugha yetu. (Vijana mitaani huambiana "usinijaji", lakini hilo tuwaachie wenzetu wa isimujamii.) Upweke huo wa neno ni upweke wa mtu mwenyewe pia. Katika utanzu wa wasifu na tawasifu tunaye Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliyesimulia safari zake. Tunaye Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja, aliyeandikiwa wasifu na Shaaban Robert. Tunaye Shaaban Robert mwenyewe, aliyesimulia maisha yake. Lakini mwanafunzi akitakiwa atunge orodha ya wasifu wa Kiswahili unaomhusu jaji wa Mahakama Kuu, nadhani atakuna kichwa kwa muda mrefu.

Katika makala haya ninadai kwamba yupo jaji mmoja anayestahili kuondolewa katika upweke huo, na kwamba kazi hiyo ni yetu sisi wa Kiswahili kabla haijawa ya wanasheria. Jaji huyo ni James Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Tanzania, aliyetoa hukumu zake mashuhuri akiwa Mwanza na Dodoma katika miaka ya 1980 na 1990.

Huenda msomaji akauliza mbona nivuke Namanga kumtafuta jaji ilhali Nairobi tunao tele. Jibu langu la kwanza ni kwamba uwanja wetu haujawahi kuishia Namanga. Tunamsoma Kezilahabi pasipo kuuliza pasipoti yake. Jibu la pili ndilo lenye uzito. Kesi zilizompa Mwalusanya jina zilianzia vinywani mwa watu waliozungumza Kiswahili, zikaandikwa kwa Kiswahili katika mahakama ya chini, kisha zilipopanda ngazi zikageuka Kiingereza. Mwenye kesi akabaki chini, kesi yake ikapaa.

Wasifu wa jaji ni jambo gumu kuandika. Mwanasiasa huacha hotuba na picha, mwanamuziki huacha sauti. Jaji, aghalabu, huacha orodha: aliteuliwa mwaka huu, akahamishiwa kituo hiki, akastaafu mwaka ule. Orodha hiyo ni mifupa mitupu. Nyama ya maisha yake imo ndani ya hukumu, kwa maana hapo ndipo tunapomwona akisikiliza, akisitasita, akikasirika, akichagua. Basi tumfuate Mwalusanya katika hukumu mbili au tatu, tuone ni mtu wa namna gani.

Tuanzie Muleba, wilaya iliyo upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria, katika nchi ya Wahaya. Mama mmoja alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Miaka ikapita. Uzee ulipombisha hodi, naye akaona hana wa kumtunza, aliamua kuliuza shamba lile. Mwezi wa Agosti mwaka 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiyekuwa wa ukoo wao. Kesho yake tu mpwa wake akafika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha na kudai kwamba mauzo hayo ni batili, kwa sababu kwa mila za Wahaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Hakuwa anabuni. Kanuni za mirathi zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zilisema wazi kwamba mwanamke anaweza kuachiwa ardhi ya ukoo ili ale matunda yake maisha yake yote, ila asiiuze. Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana na mpwa, ikabatilisha mauzo, ikaamuru fedha zirudishwe.

Mama yule hakukubali. Akakata rufani katika Mahakama ya Wilaya ya Muleba, na hapo hakimu wa wilaya akasema jambo ambalo wanaosimulia kisa hiki husahau kumpa sifa yake: kwamba msimamo ule ni wa zamani, na kwamba Katiba sasa ina Hati ya Haki inayomlinganisha mwanamke wa ukoo na mwanamume wa ukoo. Mauzo yakasimama. Mpwa naye akapanda hadi Mahakama Kuu mjini Mwanza, na ndipo faili lilipofika mikononi mwa Mwalusanya. Hukumu ilitolewa Februari 1990. Inajulikana kama kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, na leo hakuna mwanafunzi wa sheria Afrika Mashariki anayefuzu bila kuisikia.

Ili kuona uzito wa alichokifanya ni lazima tukumbuke hali ya wakati ule. Tanzania iliishi zaidi ya miaka 20 baada ya uhuru pasipo Hati ya Haki katika Katiba. Iliingizwa mwaka 1984, lakini serikali ikajipa muda wa miaka mitatu wa kutengeneza sheria zake kabla mahakama haijaruhusiwa kuitumia, na muda huo ulikwisha Machi 1988. Mama wa Muleba aliuza shamba lake miezi mitano tu baadaye. Hata wino wa haki hizo ulikuwa bado mbichi. Nyuma yake kulikuwa na mfululizo wa hukumu za miaka ya nyuma ambamo majaji walikiri kwamba mila inamwonea mwanamke, kisha wakasema kuibadilisha si kazi ya mahakama. Wakangoja jamii ijibadilishe yenyewe. Mwalusanya hakungoja. Aliikabili kanuni ya mwaka 1963, akaipima kwa Katiba, akaipima pia kwa mikataba ya kimataifa ambayo Tanzania ilikuwa imeiridhia, ukiwemo ule wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake, kisha akasema kanuni hiyo isomwe kuanzia hapo kana kwamba imerekebishwa: haki ya mwanamume ya kuuza ardhi ya ukoo ndiyo haki ya mwanamke. Ukoo ukiona uchungu, una njia ileile iliyokuwa nayo siku zote mwanamume alipouza bila kuuliza. Umrudishie mnunuzi fedha zake, uikomboe ardhi.

Hayo ni ya sheria. Mimi ni mtu wa fasihi, na kilichonishika ni sauti. Hukumu za kawaida huanza kwa namba, tarehe na majina ya wahusika; ya Mwalusanya inaanza kwa kutangaza kwamba ukombozi wa wanawake ndio ulio mezani siku hiyo, na papo hapo inaeleza wanawake wanataka nini na hawataki nini. Ni mwanzo wa mtu aliyekwisha kuamua kwamba hatajificha nyuma ya vifungu. Katikati anamleta Nyerere kama shahidi: yule Nyerere wa Ujamaa, aliyeusifu sana utamaduni wa jadi wa Kiafrika, ndiye pia aliyeandika kwamba jadi hiyo ilikuwa na kasoro yake, nayo ni kumweka mwanamke chini. Ni hila nzuri ya kibalagha. Mpwa alikuja na mila, jaji akamjibu kwa mzee wa mila. Na mwishoni kuna sauti ya mtu anayejua alichokifanya lakini hataki kushangilia mapema: anasema wanawake wa Tanzania nzima sasa wanaweza kuinua vichwa vyao, kisha anaongeza kwamba safari bado ni ndefu.

Sikubaliani naye katika kila jambo. Ndani ya hukumu hiyohiyo anashangaa kwamba mzee wa kike wa kijijini, asiye na makuu, ndiye aliyeipigania haki hii, ilhali wanawake wasomi wa mjini wamekuwa wakiimba kaulimbiu miaka nenda miaka rudi bila kuleta chochote. Dhihaka hiyo ina ladha, na bila shaka ilichekesha mjini Mwanza. Lakini ni dhihaka ya mwanamume aliyeketi katika kiti cha enzi akiwapima wanawake nani amefanya kazi na nani amepiga domo. Mhakiki wa kike angeisoma sehemu hii kwa jicho kali, na angekuwa na haki. Ninaitaja kwa sababu wasifu usio na doa ni utenzi wa sifa tu, na Mwalusanya hahitaji utenzi wa sifa.

Sasa tulinganishe na kwetu. Mwaka 1987, miaka mitatu kabla ya hukumu ya Mwanza, Kenya nzima ilikuwa imetega sikio kwa kesi ya mazishi ya wakili S.M. Otieno. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wa marehemu ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mahakama Kuu na hatimaye Mahakama ya Rufani zikaupa ukoo mwili. Sitaki kuirejesha kesi hiyo hapa kwa sababu imeandikiwa vitabu. Ninataka tu msomaji aone kwamba suala lilikuwa lilelile, ukoo na mke, ukoo na binti, na kwamba Katiba yetu ya wakati huo, kwa kifungu chake cha 82, ilikuwa imeziachia mila katika ndoa, mazishi na mirathi mlango wa kupitia hata pale zilipobagua. Mlango huo ulifungwa mwaka 2010. Jaji wa Mwanza alikuwa na Katiba mpya mkononi, jambo ambalo majaji wetu hawakuwa nalo. Lakini alikuwa pia na njia nyingi za kukwepa, na hakukwepa.

Hukumu ya pili ni ya Dodoma, Juni 1994, nayo ndiyo iliyompeleka mbali zaidi. Washtakiwa wawili walipatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia. Sheria ilimwachia jaji neno moja tu la kusema, nalo ni kunyongwa. Mwalusanya hakulisema. Katika kesi hiyo ya Jamhuri dhidi ya Mbushuu aliamua kwamba adhabu ya kifo inavunja haki ya kuishi na kwamba ni adhabu ya kikatili inayomdhalilisha binadamu, kwa hiyo ni kinyume cha Katiba; akawahukumu wawili hao kifungo cha maisha. Anayesoma hukumu hiyo hapewi nafasi ya kuliona neno kunyonga kama neno tu, kwa maana jaji anaeleza kitendo chenyewe kinavyotendeka na jinsi kinavyoweza kuharibika. Anauliza pia nani hasa anayenyongwa. Anajibu kwamba ni maskini, kwa sababu maskini hapati wakili wa kumtetea ipasavyo.

Januari 1995 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliitengua hukumu hiyo, na namna ilivyoitengua ni ya kustaajabisha. Ilikubali kwamba kunyonga ni ukatili na ni udhalilishaji. Kisha ikasema Katiba yenyewe inaruhusu haki kupunguzwa kwa maslahi ya umma, na kwamba adhabu hii imo ndani ya ruhusa hiyo. Yaani ukatili ulikubalika kuwa ukatili, ukaachwa uendelee. Miezi mitano baadaye Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, katika kesi ya Makwanyane, ilifuta adhabu ya kifo, na katika kutafakari kwake iliitazama kesi hiyo ya Dodoma na rufani yake. Jaji aliyeshindwa kwao akasomwa Johannesburg. Kwetu Kenya ilitubidi tungoje mpaka Desemba 2017, Mahakama ya Juu iliposema katika kesi ya Muruatetu kwamba si halali kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo pasipo kumwachia nafasi ya kufikiri. Na hata hivyo adhabu yenyewe haikufutwa, ingawa hatujamnyonga mtu tangu mwaka 1987.

Ninaweza kuongeza kesi ya Chumchua Marwa ya mwaka 1988, ambamo aliitangaza kuwa batili sheria iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni iliyomruhusu mkuu wa nchi kumng'oa mtu kwao na kumhamishia mkoa mwingine bila kumfikisha mahakamani. Itoshe kusema kwamba haki zilikuwa hazijatimiza hata mwaka mmoja tangu mahakama ziruhusiwe kuzitumia, na tayari jaji huyu alikuwa akizitumia dhidi ya serikali iliyomteua. Mwaka 1994, mwaka uleule wa hukumu ya Dodoma, Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya utekelezaji wa haki za msingi iliyotaka maombi ya aina hii yasikilizwe na majaji watatu kwa pamoja badala ya mmoja. Sababu rasmi ya sheria si lazima iwe sababu yake yote. Mimi sioni vigumu kuamini kwamba mtu mmoja mwenye kalamu kali alikuwa ameonekana kuwa wengi mno.

Hapa nirudi kwenye lugha, kwa kuwa ndiyo iliyonileta. Katika Mahakama ya Mwanzo ya Tanzania lugha ni Kiswahili. Mpwa alishtaki kwa Kiswahili, na mama yule akashindwa kwa Kiswahili. Ushindi wake uliandikwa kwa Kiingereza, kwa sababu wakati huo hukumu za Mahakama Kuu ziliandikwa kwa lugha hiyo. Fikiria, msomaji, ajabu ya jambo hilo: maneno yaliyomwambia kwamba yeye ni mtu kamili mbele ya sheria, yaliyomtaja kama shujaa kuliko wasomi wa mjini, hayakuandikwa kwa lugha ambayo angeweza kuyasoma au kusomewa na jirani yake. Mwaka 2005 Chris Maina Peter na Helen Kijo-Bisimba walikusanya hukumu na maandishi ya Mwalusanya katika kitabu kilichotolewa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Ni kazi ya kushukuriwa. Nayo ni ya Kiingereza.

Kenya hatuna la kuwacheka majirani. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini kifungu cha 198 cha sheria yetu ya taratibu za kesi za jinai kimeandikwa kwamba lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Kiswahili kinaruhusiwa kuingia sebuleni, si chumbani.

Tanzania imebadilika tangu hapo. Januari 2021 Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu, Musoma, aliandika kwa Kiswahili uamuzi wa kesi iliyohusu kampuni ya mgodi wa dhahabu. Tarehe 1 Februari, katika Siku ya Sheria mjini Dodoma, Rais Magufuli alimsifu hadharani na kumpandisha kuwa jaji wa Mahakama ya Rufani. Mwaka huohuo sheria ikarekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Wanachama wengi wa vyama vya Kiswahili walishangilia, nami nilishangilia. Hata hivyo sikushangilia yote. Jaji anayepandishwa cheo na rais jukwaani kwa sababu ya lugha aliyoichagua anatufurahisha leo, lakini je, rais mwingine akipendezwa na jambo jingine? Weka picha hiyo kando ya Mwalusanya, aliyeandika kwa Kiingereza mambo ambayo hakuna rais angeyapigia makofi. Hapo wapenzi wa Kiswahili tunapaswa kuwa waangalifu: lugha yetu haimfanyi mtu kuwa mwadilifu. Mtu anaweza kudhulumiwa kwa Kiswahili sanifu kabisa, chenye upatanisho wa kisarufi usio na kasoro. Mama wa Muleba alidhulumiwa hivyo Kashasha.

Iwapo ni hivyo, kwa nini ninasisitiza hukumu zake zitafsiriwe? Kwa sababu ya Shinyanga. Mwaka 2006, miaka 16 baada ya hukumu ya Mwanza, wajane wawili walioondolewa katika nyumba zao kwa mujibu wa kanuni za mirathi za kimila walifika Mahakama Kuu. Mahakama ilikubali kwamba kanuni hizo zina ubaguzi, kisha ikakataa kuzifuta kwa hoja kwamba mila haibadilishwi kwa tamko la mahakama. Ilikuwa hoja ileile ya kungoja ambayo Mwalusanya aliikataa. Ilibidi wajane hao waende hadi Umoja wa Mataifa, ambako mwaka 2015 kamati inayosimamia mkataba wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake ilisema Tanzania imevunja haki zao. Wanasheria watanieleza kwamba hukumu ya jaji mmoja haimfungi jaji mwingine wa ngazi yake, na ni kweli. Lakini hukumu ina maisha mengine nje ya mahakama. Inaweza kusomwa redioni, ikanukuliwa katika kikao cha ukoo, ikawekwa mezani na binti anayebishana na ndugu zake wa kiume baada ya matanga. Hukumu ya mwaka 1990 haikupewa maisha hayo. Ilibaki maktabani, ikiheshimiwa na watu ambao tayari walikuwa na mashamba yao.

Kuna wahadhiri watakaosema kwamba hukumu si fasihi. Sitabishana nao juu ya mipaka ya utanzu, ila nitawakumbusha jambo moja. Tangu mwaka 1969 tunayo Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, na vizazi vya wanafunzi vimelisoma onyesho la mahakama ambamo mwanamke aliyejigeuza mwanamume anashinda kesi kwa ufasaha wa ulimi. Mahakama ya Venisi imeongea Kiswahili kwa zaidi ya nusu karne. Mahakama ya Mwanza, ambamo mwanamke alishinda bila kujigeuza mtu mwingine, bado haijatafsiriwa.

Wengine watasema istilahi zitatushinda. Hizi ni hofu za kawaida na ninazisikia katika kila kongamano. Nimejaribu kurasa chache za hukumu ya Ephrahim na ninaweza kutoa taarifa kwamba istilahi za kisheria ndizo zilizonisumbua kidogo kuliko yote. Mrufani na mrufaniwa tunao. Ardhi ya ukoo ipo. Ile haki ya kutumia ardhi bila kuimiliki, ambayo kwa Kiingereza huitwa kwa neno la Kilatini linalowatoa wanafunzi jasho, Kiswahili huisema kwa maneno matatu ya kila siku, kula matunda yake. Zaidi ya hayo, lugha yetu imenipa kitu ambacho matini asilia hayana. Kiingereza kina neno moja kwa ukoo kuikomboa ardhi iliyouzwa na neno jingine kwa ukombozi wa wanawake, wala hayahusiani. Kwa Kiswahili yote mawili ni kukomboa. Hukumu inayoanza kwa ukombozi wa wanawake na kuishia kwa kumwambia mpwa akitaka shamba alikomboe, inapata kwa Kiswahili mwangwi ambao jaji mwenyewe, akiandika kwa Kiingereza, hakuweza kuutia.

Ninapendekeza basi kwamba chama chetu kiitafsiri hukumu hiyo na kuichapisha, pamoja na ile ya Dodoma, na kwamba mwanachama mmoja mwenye subira aanze kukusanya habari za kuandikia wasifu wa mtu huyu. Tuwaombe wenzetu wa kitivo cha sheria wapitie vifungu, sisi tushike sentensi. Si kazi ya miaka mingi. Muhula mmoja unatosha kwa hukumu zote mbili iwapo watu sita watagawana kurasa.

Mahali pamoja bado pamenikwaza, na ningeomba wasomaji waniandikie kupitia kwa mhariri. Ni pale mwishoni, jaji anapowaona wanawake wa Tanzania wakiinua vichwa. Nikiandika "wainue vichwa", rafiki yangu kutoka Lamu anasema kwao mwanamke anayeinua kichwa ameambiwa ana kiburi, na hilo silo alilokusudia jaji. "Watembee kifua mbele" ni la askari. "Wasitazame chini" linakaribia, lakini limemgeuza jaji aseme kwa kukanusha alichokisema kwa kuthibitisha. Mwenzangu mwingine amependekeza "waende wima". Nimeliandika kwa penseli.